Mama Lutufyo Hajalia

Imakulata alikuwa mjane wa kawaida, mwenye shamba la viazi pale Isongole, kando ya njia inayopanda msituni. Mungu alimnyima vingi, lakini alimpa koo. Kwaya ya kanisani walimjaribu Jumapili moja tu wakamrudisha kwenye benchi kwa adabu, maana aliwafunika wote, mpaka mwalimu wa kwaya. Kwenye msiba hakuwa na mfano. Mtu akikata roho, watu wa nyumba ile walimtuma mtoto mbio: kamwite Mama Lutufyo. Akifika, haongei na mtu. Anaingia ndani, anamtazama marehemu usoni, anatoka uani, anaweka mikono kiunoni, halafu anapiga yowe moja refu linalovuka bonde na kupanda kilima cha pili. Aliyekuwa akipalilia analaza jembe. Anayepakia magunia kwenye Fuso anashuka. Hakuna aliyewahi kuuliza kama habari ni ya kweli, kwa sababu kila mtu alijua Imakulata halii mpaka amwone maiti kwa macho yake.

Kasoro siku moja tu, na siku hiyo alimlilia mwanawe.

Lutufyo ndiye mtoto pekee aliyebaki mikononi mwake. Vijana wa rika lake walilima, wakaendesha bodaboda, wakaenda Tunduma kutafuta riziki. Yeye alipenda mahali pa kuvunjikia shingo. Utotoni aliwahi kudondoka kwenye mti wa parachichi kwa babu yake kule Kisondela, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, akabaki anachechemea. Ungedhani angeogopa hata ngazi. Wapi! Alipanda mlima Rungwe peke yake akalala kileleni. Alioga kwenye mito ambayo hata ng'ombe hawapelekwi. Alipopata simu nzuri akaanza kujirekodi na kuposti, akajiita Kiguru wa Milima, na watu wa Mbeya na Dar es Salaam, ambao hawajui Isongole iko upande gani, wakawa wanamfuata kwa maelfu na kumwambia aruke tena.

Basi masika ya mwaka jana ilikuja simu kutoka upande wa Kaporogwe, kwenye maporomoko, kwamba Kiguru ameteleza juu kabisa na maji yamempeleka. Imakulata alikuwa shambani. Hakuuliza nani anaongea wala nani ameona. Aliiangusha simu kwenye tuta akalia palepale, na Isongole nzima ikaja. Wanawake walibeba kuni na unga. Ezron, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameshawatuma vijana kutafuta mbao za jeneza.

Alasiri ikaingia pikipiki. Prosper, dereva wa bodaboda aliyekua pamoja na Lutufyo, ndiye aliyeendesha. Nyuma yake alikaa marehemu mwenyewe, nguo zimelowa, simu ameiinua juu.

"Endeleeni, mama zangu, endeleeni!" alisema Lutufyo akicheka. "Acheni nirekodi msiba wangu!"

Wengine walicheka kwa kupona roho. Wengine walimchapa kwa khanga. Mama yake alimzaba kofi, halafu akampikia.

"Kwa nini, Lutufyo?" alimwuliza akimtazama anavyokula.

"Ile simu sikupiga mimi, mama. Nilikwama tu nyuma ya mwamba, watu wakadhani nimekwenda. Ila nilipoambiwa huku mnanililia, nikasema nisiharakishe." Akainamisha uso kwenye sahani. "Nilitaka kuona mtanililiaje."

Kesho yake wanawake walikuja, Hellen akiwa mbele. Hellen alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kusaidia.

"Nkamu gwangu, ndugu yangu," alisema, "mtoto wako tumemsamehe, ana utoto. Lakini wewe! Sauti yako ndiyo tunayoiamini. Jana nimeacha maharage yanaungua kwa ajili ya mtu anayekula ugali."

Imakulata aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Akasema mbele yao wote, "Sitalia tena kwa habari ya simu. Hata akiwa mwanangu. Mpaka nimwone."

Wakaridhika, wakanywa chai, wakaondoka.

Julai ya mwaka huu, baridi ikiwa kali na ukungu haubanduki mpaka jua likaribie utosini, Lutufyo alitangaza kwamba atavuka Ziwa Ngosi. Ziwa hilo limekaa ndani ya mlima kama maji ndani ya chungu, kuta zake ni msitu uliosimama wima, na wazee hawapendi hata kulinyooshea kidole. Alitengeneza chelezo cha mianzi na madumu matupu. Alisema atapiga makasia hadi ng'ambo, atapanda ule ukuta wa upande wa pili ambao hauna njia, atokee juu.

"Ukishatokea juu, halafu?" mama yake alimwuliza.

"Halafu nimetokea."

Akafunga viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, akaaga.

Hakurudi. Watalii waliokwenda kutazama ziwa walikiona chelezo kimeegemea mizizi upande wa huku, kimesukumwa na upepo, hakina mtu. Simu yake ilikuwemo kwenye mfuko uliofungwa kwenye dumu, imejaa maji.

Vijana wa Isongole walipanda. Ezron aliwaongoza. Walishuka kwa kamba upande wa huku, wakapekua mizizi na mapango, wakaita mpaka sauti zikakauka. Polisi nao walikuja, wakaandika, wakasema ziwa lile lina kina ambacho hawana kamba ya kufikia. Ezron akapanga kwamba kesho yake kundi moja lizunguke mlima kwa juu, literemke ng'ambo, pale alipokusudia kupanda.

Huku nyuma watu wa simu walikuwa hawalali. Yule aliyewahi kurekodi msiba wake mwenyewe, nani atamwamini? Video ya mwaka jana ikatolewa upya. Wakaandika kwamba hiyo ni kiki, Kiguru anataka wafuasi waongezeke kisha afufuke. Mwingine akasema ameshavuka mpaka wa Kasumulu, yuko Malawi anakula samaki. Mwingine akauliza: mtu wa simu kama yule anaachaje simu yake kwenye dumu, kama si kwamba amenunua nyingine? Wakaja vijana wawili kutoka Mbeya mjini na vipaza sauti, wakasimama kwenye matuta ya viazi vya Imakulata wakimwuliza anajisikiaje. Hakuwajibu. Walimrekodi anavyokaa kimya.

Ukimya ule ndio uliomaliza kila kitu. Pale dukani, pale mashineni, watu wenyewe wa Isongole, wasiohitaji bando ili wapate neno, waliliona jambo moja ambalo wa Dar hawakuliona.

"Mama Lutufyo hajalia."

"Kweli, hajalia."

"Aliyelia mwaka jana kwa simu tu! Leo chelezo kimepatikana kitupu, na yeye yuko shambani anafukia viazi."

"Anajua aliko. Mama hawezi kukosa kujua."

Hakuna aliyekumbuka, au kama alikumbuka hakusema, kwamba walimwapisha wenyewe.

Imakulata aliyasikia. Na jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba maneno yale yalimpa usingizi. Alitaka yawe kweli. Mwaka jana alimpiga mwanawe kwa uongo wake. Mwaka huu alikuwa akiomba kwa Mungu, akiwa amepiga magoti kwenye matuta, kwamba Lutufyo awe mwongo, tapeli, mtu wa kiki, chochote, ilimradi anakula samaki mahali.

Ndipo Prosper alipokuja. Alizima pikipiki mbali na nyumba, akaja kwa miguu, kofia ngumu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mama, sijui kama ni sahihi kusema. Jana nilipeleka abiria Kasumulu. Pale kwenye foleni ya kuvuka, nikamwona mtu. Mgongo. Umbo la Lutufyo kabisa."

Imakulata alimshika mkono wa koti. "Ulimwita?"

"Niliita. Kuna kelele pale, mama. Akapotea kwenye watu."

"Alikuwa anatembeaje?"

"Anatembea tu, haraka haraka."

"Hakuwa anachechemea? Mguu wa kushoto?"

Prosper alimtazama. Alimwona yule mama jinsi alivyomkazia macho, midomo imefunguka kama mtoto anayengoja kulishwa. Kijana yule hakuwa mbaya. Kosa lake lilikuwa huruma.

"Eeh," alisema. "Kama alikuwa anachechemea. Ndiyo. Kidogo."

"Kushoto?"

"Kushoto, mama."

Imakulata aliingia ndani akakaa kitandani, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka. Kisha akapitia mlango wa nyuma akamwambia Hellen ukutani. Alimwambia kwa kunong'ona, na Hellen alikuwa mtu wa kunong'onewa vitu ili vifike haraka.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imebadilika sura. Haikuwa tena kwamba Prosper amemwona mtu. Ilikuwa kwamba mama mwenyewe amethibitisha, hadi mguu. Ezron akaja amekasirika, jasho la mlimani bado liko shingoni.

"Shemeji, mimi nimening'inia kwenye kamba kama nyani, magoti haya yameisha. Niambie kitu kimoja. Mtoto yuko hai?"

"Prosper amemwona."

"Sikukuuliza Prosper. Nakuuliza wewe."

"Sijui, shemeji."

"Kama hujui, basi lia. Lia, tuendelee kutafuta, watu wajue tunatafuta maiti au mgonjwa. Ukilia, kesho kijiji kizima kitazunguka mlima."

"Siwezi kumlilia mtu ambaye sijamwona. Niliapa. Na kama yuko Kasumulu? Nimlilie mtoto aliye hai mara ya pili? Si nitakuwa ninamwitia kifo kwa jina lake?"

Ezron alitikisa kichwa taratibu. "Basi umenijibu."

Alitoka akawaambia vijana washuke. Wala hawakuhitaji kubembelezwa. Viazi vilikuwa tayari, madalali walishaleta malori, na kila mtu alikuwa na shamba. Lile kundi la kuzunguka ng'ambo halikwenda. Isongole ikavuna. Imakulata naye akavuna. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka huo, magunia yakashonwa lumbesa mpaka yakaonekana kama watu wanene waliokaa kando ya barabara, na kila pikipiki iliyopanda kutoka Tukuyu ilimfanya ainue kichwa.

Waliomwona Lutufyo ni watu wa mizinga, waliokwenda kutafuta asali upande wa pili wa mlima, baridi ilipokuwa imeanza kulegea. Hawakuja kwa mama yake. Walikwenda kwa Ezron, na Ezron akapanda na wanaume wachache kimya kimya, wakamfunga kwenye blanketi na mianzi, wakamshusha.

Imakulata alikuwa akichagua mbegu uani, viazi vidogo huku, vilivyochipua kule. Alipowaona wanaingia na mzigo wa blanketi mabegani, bila kuvua kofia zao, alisimama. Ezron alikuja mbele.

"Shemeji. Ni yeye. Mguu ni ule ule, mfupa umeunga vile vile."

"Yalikuwa maji?"

"Hapana. Maji aliyavuka vizuri. Alipanda akateleza, akarudi chini kwenye ukingo. Chelezo kikaondoka na upepo."

"Alikufa palepale?"

Ezron alitazama viazi. "Palepale, ndiyo."

"Ezron." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu alipoolewa katika nyumba ile. "Mimi nimejidanganya vya kutosha. Usinisaidie."

Ezron akakaa chini, juu ya gunia, mwanaume mzima, akaongea akiwa ameshika kichwa. "Alivunjika mguu ule mzuri. Aliufunga kwa mwanzi na kamba. Alijitandikia majani ya mkangaga, mengi, ameyapanga vizuri. Kuna maganda ya viazi ameyaweka pembeni. Kuna mahali amejiburuta kwenda majini na kurudi, njia imekuwa nyeupe kama ya kondoo." Akainua uso. "Kesho ile tungefika, shemeji. Kesho ile ile."

Imakulata aligeuka akautazama mlima. Alikuwa anafikiria kwamba ndani ya Ngosi, ukungu ukitulia, mtu akikohoa juu ya ukingo anasikika mpaka majini. Vijana waliita, ndiyo, lakini upande wa huku, wakiwa wameinama kwenye mizizi, sauti za vijana. Yeye hakupanda. Yeye, mwenye sauti ya kuvuka bonde, alikaa nyumbani akaifunga kinywani kwa sababu aliogopa kuitumia vibaya. Hakuhitaji kulia hata kidogo. Kumwita tu. Hakuna kiapo kilichomkataza kumwita mwanawe.

Watu walianza kujaa uani. Hakuna aliyewaita, walikuja wenyewe, polepole, wakisimama karibu na ua kama wageni. Wanawake walikuja na kuni lakini hawakuzishusha kichwani. Hakuna aliyelia. Mama mzazi yupo, na mama mzazi ndiye Imakulata, nani atamtangulia? Vijana wa vipaza sauti nao walikuwa wamefika kutoka Mbeya, habari inawafikiaje sijui, simu zimeinuliwa. Mmoja wao alisikika akimnong'oneza mwenzake, "Mbona wamemfunika? Nani amemwona uso? Oya, hii inaweza kuwa maiti ya mtu mwingine."

Ezron alisikia. Akamsogelea Imakulata.

"Shemeji, nakuomba. Usipolia watu hawa hawatamwacha. Watasema mpaka mwisho wa dunia kwamba tumezika mgomba. Wakisikia sauti yako wataamini. Watu wetu wataamini, angalau."

"Nifunulie nimwone."

"Usimtazame, mama," Hellen aliingilia. "Siyo wa kutazamwa."

"Mlinitaka nimwone kwanza. Si ndivyo tulivyokubaliana, Hellen? Mkanywa na chai."

Hellen akafunika mdomo kwa khanga. Imakulata alipiga magoti, akafunua blanketi upande wa miguu tu, akaona mwanzi na jinsi kamba ilivyofungwa. Fundo lilikuwa zuri. Alikaa pale akiligusa. Kisha akauliza bila kugeuka, "Prosper yupo?"

Prosper alikuwepo, nyuma kabisa, uso umevimba. "Nipo, mama."

"Yule mtu wa Kasumulu alichechemea kweli?"

"Hapana, mama. Sikuona. Ulivyoniuliza..."

"Najua. Ni mimi niliyemvunja mguu yule mtu. Njoo ukae hapa karibu."

Prosper akaja akakaa chini kando ya miguu ya rafiki yake.

Imakulata alisimama. Watu wote waliona ameweka mikono kiunoni, na uani pakawa kimya hata kuku walisikika wakichakura. Alivuta pumzi. Lakini yowe halikutoka. Alichofanya ni kuita. Aliita kama mama anavyomwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali, chakula kikiwa tayari na jua likielekea kuzama, na sauti ile ikavuka bonde ikapanda msituni:

"Lutufyo we! Rudi nyumbani! Lutufyooo!"

Mara moja tu. Halafu akakaa chini.

Wanawake walitazamana. Hawakujua kama hicho ni kilio au siyo, na kama wanapaswa kuitikia. Hellen ndiye aliyetupa kuni zake chini kwa kishindo akaanza kulia, sauti mbovu, inakwaruza, isiyofika hata kwenye barabara. Wengine wakamfuata. Wakamlilia Lutufyo vizuri siku ile, wakamlilia mpaka akazikwa, na wanaume waliokuwa wakivuna wakati ule alipokuwa akijiburuta walichimba kaburi bila kupokezana maneno.

Video haikuchelewa. Kesho yake ilikuwa kila mahali: mama wa Kiguru, mikono kiunoni, anaita. Watu wakaandika kwa maelfu. Mnaona? Hakulia, ameita. Nani anamwita maiti arudi nyumbani? Yuko hai huyo, na mama yake anajua, alikuwa anampa ishara. Wakatokea wengine waliomwona Karonga, na mmoja aliyeapa kwamba amemwuzia viatu Lusaka.

Hellen aliyaona maneno hayo kwenye simu ya binti yake. Alitaka kunyamaza, lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake. Alimkuta Imakulata uani, amerudia mbegu zake, akamwambia yote, akilaani, akisema watu hawa wanataka nini, wanamtafutaje mtu aliyezikwa, hawana haya, hawana mama.

Imakulata alimsikiliza mpaka mwisho, kiazi mkononi, anakivunja chipukizi lililooza.

"Waache," alisema. "Waache wamtafute."